Kipande Chako Kiko Wapi?

Wasee, naona mnatumiana zile klipu za AfD ya Ujerumani mkishangaa. Februari 2025 chama hicho kilipata karibu asilimia 21 ya kura, kikiahidi kufukuza wageni kwa wingi. Shangaeni tu, lakini hapa Eastlands hiyo ni stori ya kitambo.

Aprili 24, 1954, wanajeshi wa Uingereza walizingira Nairobi. Operesheni Anvil. Bahati, Pumwani, watu wakatolewa nyumbani. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia, yaani unaona macho tu. Akitikisa kichwa, unaenda Manyani.

Huyo ni mkoloni, sindio? Haya, Novemba 1989 serikali yetu wenyewe ikaagiza Wasomali Wakenya wapigwe msasa, na wenye kitambulisho waongezewe kadi ya pinki. Aprili 2014, baada ya milipuko ya Isich, ikaja Usalama Watch. Maelfu walishikwa, wengi wakafungiwa Kasarani. Uwanja wa mpira!

Nilikuwa darasa la nne. Beshte wangu wa deski alikosa shule siku tatu. Kurudi, kwa bag ako na kopi ya kitambulisho cha mamake. Mimi sikuwahi kuulizwa ya mamangu, na wala sikujiuliza kwa nini.

Februari hiyohiyo ya 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitangaza mwisho wa huo msasa kwa kaunti za mpakani. Nikamtumia beshte hiyo habari. Akajibu, "Poa. Lakini kopi bado natembea nayo."