Jinsi shule inavyopaswa kupanga fedha za wanafunzi wenye mahitaji maalumu

KIFUNGU cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kadiri inavyoafikiana na maslahi yake. Haki hiyo hutimia au hufifia katika daftari la hesabu la shule.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mwanafunzi alitengewa Sh1,020 kwa mwaka. Sh650 ziliingia katika akaunti ya vifaa vya kufundishia, iliyojulikana kama SIMBA, na Sh370 katika akaunti ya matumizi ya jumla. Mwanafunzi mwenye ulemavu aliongezewa Sh2,000. Katika shule za upili za kutwa, mgao uliotangazwa mwaka 2018 ulikuwa Sh22,244, na Sh57,974 kwa mwenye mahitaji maalumu.

Tatizo ni kwamba fedha huja kwa hesabu ya vichwa ilhali gharama haziji hivyo. Mtoto asiyeona huhitaji mashine ya breli, ambayo bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, pamoja na karatasi zake nzito. Mwenzake mwenye uoni hafifu huenda akatosheka na kitabu cha maandishi makubwa na kiti karibu na ubao. Mgao wao ni ule ule.

Kwa hivyo bajeti huanzia kwenye tathmini, wala si kwenye kiasi kilichoingia benki. Vituo vya tathmini na rasilimali za elimu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, ndivyo hubainisha mahitaji ya kila mtoto. Asiyetathminiwa ni vigumu kumwombea nyongeza.

Mashine ya breli hudumu miaka mingi; gharama yake isibebeshwe mwaka mmoja, na matengenezo yatengewe fungu kila mwaka. (Mashine mbovu iliyofungiwa kabatini haimfai yeyote.)

Fungu linalosahaulika mno ni la watu. Mwalimu hulipwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, lakini mlezi wa bweni anayemvisha na kumlisha mtoto asiyejiweza huajiriwa na bodi ya usimamizi. Fedha za serikali hugawanywa kwa mihula kwa asilimia 50, 30 na 20, na aghalabu huchelewa. Mlezi asipolipwa huondoka, na mtoto hushinda njaa.

Ni busara basi bodi iandike katika kumbukumbu za mkutano kwamba nyongeza ya wanafunzi hawa haitaguswa kulipia stima wala deni la chakula cha shule nzima, na mwalimu mkuu awasomee wazazi matumizi yake kila muhula.