Lenzi ya Milimita 180 na Mtu Ambaye Haikumwona

Wengi mnatuuliza ile lenzi nyeusi tunayobeba uwanjani kila Jumamosi ni ya nini. Watoto wanaiita bomba. Basi leo tuwape historia yake, maana ndani yake kuna mtu anayetuhusu.

Ni lenzi ya zamani, Sonnar ya milimita 180 ya Carl Zeiss Jena, na tumeiunga kwenye kamera ya kidijitali kwa adapta. Ina uzito unaozidi kilo moja. Fokasi unazungusha mwenyewe kwa mkono. Uzuri wake ni tundu: ukilifungua lote, hadi 2.8, linafika kama milimita 64 kwa upana. Mwanga mwingi unaingia, kwa hiyo kamera inapiga haraka, na hata jua likikaribia kuzama mchezaji anayekimbia hatoki ukungu. Ila ukikosea fokasi kidogo tu, uso unafifia halafu nyasi za nyuma ndizo zinatoka safi. Mechi ya kwanza karibu picha zote ziliharibika. Tukajifunza kuweka fokasi mahali atakapopita mchezaji, kisha kumsubiri.

Mama wa lenzi hii alitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Agosti 1936, ndiyo maana aliitwa Olympia-Sonnar. Serikali ya Hitler ilitaka dunia nzima ione ukubwa wake, na wapiga picha walihitaji kuwasogeza karibu wanariadha waliokuwa mbali. Kumbe waliyoyaona si yote yaliyomfurahisha Hitler: Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alichukua medali 4 za dhahabu.

Lakini yuko mmoja ambaye hakuna lenzi iliyomwona uwanjani pale. Anaitwa Gretel Bergmann, Mjerumani Myahudi, mruka juu. Mwaka 1933 klabu yake ilimfukuza kwa sababu ya Uyahudi wake. Mwaka 1936, wiki chache kabla ya michezo, aliruka mita 1.60 na kuifikia rekodi ya taifa. Baadaye akaletewa barua kwamba hakuchaguliwa. Dhahabu ya wanawake ikaenda kwa aliyeruka mita 1.60 hiyohiyo. Mwaka 1937 Gretel akahamia Marekani, na huko akawa bingwa. Alifariki 2017 akiwa na miaka 103.

Sisi tulipoisoma habari hiyo tulinyamaza kidogo. Lenzi inaweza kumleta karibu aliye mbali, lakini aliyezuiwa mlangoni haiwezi kumwonyesha. Ukitazama picha za siku zile tu, utadhani kila aliyestahili kuruka aliruka.

Tukarudi kwenye picha zetu wenyewe, zile ambazo huwa zinaingia kwenye ripoti. Tukazipanga mezani moja moja. Jamani, msichana hata mmoja hayumo! Si kwamba hawapendi mpira. Mechi inaanza saa kumi, na saa hiyohiyo wao wako kwenye foleni ya maji. Sisi tulikuwa tumeweka fokasi mahali ambapo wao hawapiti kabisa, halafu tukasema hapa ndipo vijana wote walipo.

Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu. Kabla ya kuinua lenzi tunazunguka kwanza, tunauliza: leo nani hajaja, na kwa nini? Jibu tunaliandika chini ya picha. Pia tumeomba Jumamosi moja kwa mwezi mechi iwe asubuhi.

Wadau, mkipokea picha zetu msiishie kwenye sura zinazong'aa, someni na maandishi ya chini. Na wewe kijana, dada au kaka, unayetaka kujifunza, tukutane Jumamosi saa tisa kando ya goli. Njoo na kitambaa safi, vumbi ni adui wa bomba letu.