Vifaa vya kuhamishia wagonjwa

Vifaa vya kuhamishia wagonjwa ni vyombo vinavyotumika kumwinua, kumsogeza au kumbeba mtu asiyeweza kwenda mwenyewe. Vinavyojulikana zaidi ni machela na kiti cha magurudumu. Humlinda mgonjwa asianguke wala kuumia zaidi, na hulinda pia mgongo wa anayembeba.

Kabla ya kufika hospitali

Neno machela lilitoka Kireno. Zamani kitanda cha kubebwa mabegani kilifanya kazi hiyo: mwezi Aprili 1873 David Livingstone, akiwa amezidiwa, alibebwa hivyo na akina Susi na Chuma hadi kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Dirma, kata ya wilaya ya Hanang mkoani Manyara, iko mbali na hospitali kubwa. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa Katesh, makao makuu ya wilaya, au Haydom katika wilaya ya Mbulu, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Aliyeanguka kwenye pikipiki huweza kuhamishwa mara tano kabla ya kulazwa: toka chini hadi kwenye machela, kisha garini, kisha kwenye troli, kisha kwenye meza ya eksirei, na mwishoni kitandani. Kila uhamisho una hatari yake. Kama uti wa mgongo umevunjika, kumketisha katikati ya watu wawili juu ya bodaboda kunaweza kuharibu uti wa neva na kumwacha amepooza maisha yake yote.

Machela ya dharura hutengenezwa kwa miti miwili imara, mirefu kuliko mgonjwa, na blanketi. Blanketi hukunjwa juu ya mti wa kwanza, mti wa pili huwekwa juu ya mkunjo huo, na upande uliobaki hurudishwa juu yake. Uzito wa mgonjwa wenyewe hulibana lisiteleze. Ijaribiwe kwanza na mtu mzima mwenye afya. Machela hiyo hubonyea katikati, kwa hiyo haifai kwa anayedhaniwa kuumia uti wa mgongo. Huyo ni afadhali alazwe juu ya ubao au hata mlango uliong'olewa, akigeuzwa kwa pamoja kama gogo, mtu mmoja akishikilia kichwa.

Hospitalini

Troli ni machela yenye magurudumu, breki na vizuizi vya pembeni. Wakati wa kumhamisha mgonjwa, troli husogezwa hadi igusane na kitanda, vyote viwe na kimo kimoja na breki zifungwe. Shuka la kuteleza hupunguza msuguano, hivyo mgonjwa huvutwa badala ya kuinuliwa. Kwenye kiti cha magurudumu, vikanyagio vikunjwe kabla mgonjwa hajasimama, jambo linalosahauliwa mara nyingi.

Kwa mgonjwa mzito kuna winchi: kitambaa kigumu hupitishwa chini yake na kutundikwa kwenye mkono wa chuma. Nyingine huendeshwa kwa pampu ya mkono, kwa hiyo hufaa hata umeme ukikatika.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huchukua kilo 16 kuwa kikomo cha uzito ambao mhudumu mmoja anaweza kuubeba salama anapomwinua mgonjwa kwa mikono. Mguu mmoja wa mtu mnene huweza kufikia uzito huo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na madhara ya kazi, wauguzi wakiwemo.