Jinsi Tulivyopata Kura

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kura: jinsi ilivyotufikia, na jinsi ilivyokuwa zamani mali ya wachache. Na kwa kuwa jambo kubwa hufahamika vema likianzia nyumbani, tutaanzia Bweri, katika mji wa Musoma.

Mtu akishuka leo katika stendi ya mabasi ya Bweri huwakuta watu wa kila kazi: wakulima wa mihogo, wavuvi, wachuuzi wa dagaa, walimu na madereva. Kila raia kati yao aliyetimiza miaka 18 na kuandikishwa ana kura moja. Hapana amwulizaye ana mali gani, wala amesoma mpaka darasa gani. Twaliona jambo hili kuwa la kawaida kama maji ya ziwa. Lakini wazee wetu hawakulikuta hivyo.

Turudi nyuma mpaka mwaka 1958. Nchi iliitwa Tanganyika, Musoma ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na Serikali ilikuwa ya Waingereza. Ndipo ulipofanywa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa mafungu mawili: Septemba 1958 na Februari 1959. Aliyetaka kura ilimpasa awe na umri wa miaka 21, kisha awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria. Je, mvuvi au mkulima wa kawaida angezipata wapi shilingi 3,000? Katika watu zaidi ya milioni nane, walioandikishwa hawakutimia laki moja.

Tena mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu pamoja: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Akimwacha mmoja, kura yake iliharibika. Hivyo Waafrika, ambao ndio waliokuwa karibu nchi nzima, walipewa viti sawasawa na watu wachache.

Wengi walikasirika, na haki walikuwa nayo. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, wakaulizana: Je, tuingie katika uchaguzi wa namna hii, au tuususe? Wengi walielekea kuususa. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza masomo mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge papo hapo Musoma, aliwasihi waingie, maana kukaa nje ni kuwaachia wengine baraza zima. Mkutano ukakubali, na neno lile likaitwa Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alitoka akaanzisha chama chake. Hatumlaumu, kwa kuwa uchungu wake ulikuwa na sababu.

Basi, ikawaje? Watu waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda, na mlango ukaanza kupanuka. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kuandikishwa kwa sababu hiyo peke yake, na walioandikishwa wakapita laki nane. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, kura ikawa ya kila mtu mzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1965 chama kilikuwa kimoja tu, lakini wagombea walikuwa wawili kwa kiti, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Hata Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alikosa kiti chake huko Mwanza. Ndipo watu walipoona kwamba kipande cha karatasi chaweza kumwondoa mkubwa kitini bila rungu wala mkuki.

Habari hii yatufundisha nini? Karani au mwalimu aliyepiga kura mwaka 1958 hakujichagulia nafsi yake tu. Alibeba neno la jirani zake wengi wasio na kura. Leo kila mtu hubeba lake. Yatupasa basi tujiandikishe, tumwulize mgombea maswali kabla ya kumpa neno letu, tuanze na mwenyekiti wa mtaa aliye karibu nasi. Na anayehesabu kura naye ana wajibu mkubwa kuliko wote. Maana kura isiyohesabiwa kwa haki ni maji yaliyotiwa katika pakacha.

Wazee wetu waliingia kwa mlango mwembamba ili sisi tukute mlango mpana. Aibu ni yetu tukiuacha ukafungwa, kwa uvivu au kwa hila. Kwaherini.