Hodi Usiku wa Manane

Mwaka 1902, W. W. Jacobs, Mwingereza aliyekulia Wapping kando ya gati za London, na ambaye wasomaji walimzoea kwa visa vya kuchekesha vya mabaharia, alichapisha hadithi fupi iitwayo The Monkey's Paw. Mzee White anapata kiganja kikavu cha kima kutoka kwa sajini aliyerejea kutoka India, na kiganja hicho humtimizia mwenye nacho maombi matatu. Mzee anaomba pauni 200. Siku ya pili anafika mtu kutoka kiwandani anakofanya kazi mwanawe pekee aliyebaki. Kijana amenaswa na mashine, amekufa, na kampuni, bila kukubali lawama yoyote, inawapa wazazi pauni 200. Wiki moja hivi baada ya maziko, usiku, mama anamshurutisha mumewe aombe mara ya pili: mwanangu arudi. Baba hataki. Yeye ndiye aliyekwenda kuutambua mwili, na aliutambua kwa nguo tu. Hata hivyo anaomba. Hakuna kinachotokea, nao wanarudi kulala. Makaburi yako maili mbili kutoka pale, na baada ya muda unaomtosha mtu kutembea maili mbili, mlango unagongwa.

Mama anashuka mbio. Komeo la juu halifikii, anavuta kiti. Baba yuko chini sakafuni, anapapasa gizani akikitafuta kile kiganja ili awahi kuomba la tatu. Anawahi. Mlango unapofunguka, barabara ni tupu. Jacobs hakuandika hata neno moja juu ya sura ya aliyekuwa akigonga.

Ninaamini kwamba katika kurasa hizo chache limo jambo linalowatenga waandishi wa hofu wenyewe na wale wanaotushtua tu. Kinachotisha pale hakiko nje ya nyumba. Ni mikono ya mama juu ya komeo. Tungekuwa sisi, tungefungua pia. Kwa kipimo hicho ndivyo ninavyopenda kuisoma historia ya riwaya ya kutisha, ambayo sasa imevuka miaka 250.

Mwanzo wake haukuwa hivyo. Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto mwishoni mwa 1764, akisingizia kuwa ni tafsiri ya mswada wa kale wa Kitaliano, alianza kwa kofia kubwa mno ya chuma inayoanguka na kumponda bwana harusi. Leo haimtishi mtu. Ann Radcliffe, miaka 30 baadaye, alikuwa fundi kuliko yeye. Katika The Mysteries of Udolpho (1794) msichana Emily anafunua pazia jeusi, anaona kitu, anazimia, na msomaji anabaki mamia ya kurasa bila kuambiwa alichokiona. Kisha anaambiwa: ilikuwa sanamu ya nta. Ndiyo ada ya Radcliffe, kila mzuka una maelezo yake. Lakini alituachia fikra kubwa katika insha iliyotolewa 1826, miaka 3 baada ya kifo chake, alipotofautisha hofu inayoipanua nafsi, ambayo huishi katika yale yasiyoonekana wazi, na kinyaa kinachoigandisha. Mwandishi yeyote wa kutisha baada yake amelazimika kuchagua upande.

Njia hiyo ya Radcliffe ya kuufichua mzuka tunaijua pia katika Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, kinatuingiza penye mzimu, kinatupa maiti, kisha mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anatuonyesha kuwa mkono uliofanya kazi ni wa binadamu. Ni kitabu kitamu, na kilianzisha mengi. Ila nia yake ni kuiondoa hofu, na kinaifanya kazi hiyo kwa makini hata ukikifunga kitabu unalala vizuri.

Aliyegeuza mkondo alikuwa binti wa miaka 18. Mlima Tambora katika kisiwa cha Sumbawa ulilipuka Aprili 1815, majivu yake yakatanda angani, na kiangazi cha 1816 barani Ulaya kikawa cha mvua na baridi. Mary, aliyekuja kuwa Mary Shelley, alifungiwa na mvua hizo pamoja na washairi Percy Shelley na Byron, na daktari Polidori kando ya Ziwa Geneva, wakashindana kutunga hadithi za mizuka. Hayo husimuliwa kila mara. Linalosahaulika ni kwamba mwaka mmoja kabla, Machi 1815, alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, kichanga cha siku chache, na kwamba aliandika katika shajara yake kuwa ameota mtoto amefufuka: alikuwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akaishi. Kisha akaamka. Ukiijua ndoto hiyo, Frankenstein ya 1818 haisomeki tena kama kisa cha sayansi iliyovuka mpaka. Mtu anakirudishia uhai kiwiliwili kilichokufa, kinafumbua macho, naye anakikimbia. Kitisho ni ule mkimbio wa mzazi. Kiumbe huyo anajifunza kusema na kusoma, anatafuta wa kumpenda, na anafika kwenye uuaji akiwa na sababu ambazo msomaji hawezi kuzipuuza.

Waayrishi wawili wa Dublin ndio waliouelewa mlango kuliko wote wa karne ile. Carmilla wa Sheridan Le Fanu (1872) ni mgeni aliyekaribishwa: gari limepinduka, msichana ameumia, baba mwenye huruma anamweka nyumbani awe mwenzake bintiye. Bram Stoker alilifanya hilo kuwa sheria katika Dracula (1897): mnyonya damu haingii nyumba asipokaribishwa kwanza na mtu wa ndani. Watu humkumbuka bwana mwenyewe na kasri lake la Transylvania, nchi ambayo Stoker hakuwahi kuikanyaga. Mimi hunitisha zaidi Lucy. Amekufa, amezikwa, sasa huwinda watoto usiku, na anapofumaniwa makaburini anamnyoshea mikono mchumba wake na kumwita kwa sauti tamu ile ile aliyomwitia akiwa hai. Na mchumba anakwenda. Bila Van Helsing, mwindaji wa wanyonya damu, kuruka katikati yao, angefika.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaomweka H. P. Lovecraft juu ya wote. Mtu huyu wa Providence, aliyekufa 1937 akiwa na miaka 46, aliunda hofu ya ukubwa: miungu ya kale iliyolala chini ya bahari, ulimwengu usiojua kuwa sisi tupo. Fikra ni nzito na imezaa wafuasi wengi. Lakini katika hadithi zake mama hana nafasi, mtoto hana, wala jirani wa kumlilia. Wahusika wake wana vitabu na daftari, basi. Na alipojaribu kuleta hofu hiyo mitaani, kama katika The Horror at Red Hook, kilichotoka ni chuki yake kwa wahamiaji wa New York. Kumwogopa mgeni kwa sababu ya rangi na lugha yake ndiyo hofu nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haimgharimu mwandishi chochote.

Shirley Jackson alikwenda kinyume kabisa. Ilipotoka The Lottery katika The New Yorker la tarehe 26 Juni 1948, wako wasomaji walioandika kuuliza bahati nasibu hiyo huchezwa wapi, kwa maana wanakijiji wanaompiga mwenzao kwa mawe walikuwa majirani wa kawaida kabisa, wakizungumza habari za matrekta na kodi. Lakini kilele chake ni The Haunting of Hill House (1959). Eleanor Vance ana miaka 32. Kwa miaka 11 amemuuguza mama yake, na usiku aliokufa, mama aligonga ukuta kuomba dawa. Eleanor hana hakika kama hakusikia, au alisikia akalala tena. Sasa yuko katika nyumba yenye mizuka, na usiku milango inapoanza kugongwa, kabla hajazinduka vizuri, anaitika akidhani ni mama yake. Nyumba imejua pa kugonga! Usiku mwingine anashika mkono wa mwenzake Theodora gizani ili ajikaze, na taa inapowaka Theodora yuko kitanda cha mbali. Jackson haelezi mkono ule ulikuwa wa nani. Lililo baya zaidi linakuja polepole: Eleanor anaanza kuipenda nyumba, kwa sababu maishani mwake ni mahali pa kwanza panapoonekana kumtaka. Wanapomfukuza kwa usalama wake, analigongesha gari kwenye mti.

Stephen King amesema wazi kuwa Jackson ni mmoja wa walimu wake. Katika Danse Macabre (1981) alikiri kwamba hutafuta kwanza hofu, akiikosa hushtua, na hilo likishindikana hukimbilia kinyaa. Ni ngazi ile ile ya Radcliffe, imeteremkwa bila aibu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliishi Orrington, Maine, nyumba iliyo kando ya barabara ya malori. Paka wa bintiye aligongwa akafa. Mwanawe mdogo nusura aikimbilie barabara hiyo. Kutokana na hayo aliandika Pet Sematary, kisha akaiweka kando akiona amekwenda mbali mno, na ilitoka 1983 kwa sababu ya deni la mkataba na mchapishaji. Daktari Louis Creed anajua vizuri kwamba ardhi ile ya kale msituni humrudisha aliyekufa akiwa si yeye, maana amekwisha kumwona paka wao akirudi hivyo. Bado, mwanawe akifa, anamfukua. King anatembea naye hatua kwa hatua, uzio, udongo, uzito wa mwili, na baba yeyote anayesoma anajikuta akimwombea asikamatwe. Hapo ndipo kitabu kinapotisha. Mtoto akisharudi na kisu chake cha upasuaji, hofu inashuka na kuwa damu tu. Kisha King anaiokoa kazi yake: Louis, aliyeona yote, anambeba na maiti ya mkewe kwenda ardhi ile ile.

Sisi tuna hadithi inayosimuliwa sana Afrika Mashariki, ya msichana aliyetiwa ngomani na zimwi, akawa anaimba kila ngoma ikipigwa, mpaka zimwi likafika kwao na mama akaitambua sauti. Mama yule anafungua ngoma na mtoto anatoka mzima. Bibi zetu walituandaa kwa hofu, kisha wakaturudishia mtoto. Waandishi niliowataja wamekataa kumrudisha mzima, na aliyekataa kwa haki kubwa kuliko wote ni Toni Morrison.

Maduka ya vitabu hayamweki katika rafu ya kutisha. Nadhani yanakosea. Beloved (1987) ilitokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky Januari 1856 kwa kuvuka Mto Ohio ulioganda, na ambaye, wawindaji wa watumwa walipoizunguka nyumba alimojificha, alimuua binti yake wa miaka 2 asirudishwe utumwani. Katika riwaya, mwaka 1873, mwanamke kijana anatoka majini na kufika nyumba namba 124, nje kidogo ya Cincinnati, ana kovu shingoni, na Sethe, mama aliyefanya kama Garner, anampokea, anamlisha, anamjua. Mtoto amerudi, na anamla mama yake pole pole. Ila Morrison hataki tumwogope msichana huyo pekee. Anaturudisha miaka 18 nyuma, siku wapanda farasi wanne walipokuja na sheria mkononi kumchukua Sethe na watoto wake. Majirani waliwaona. Siku moja kabla walikuwa wamekula na kushiba katika nyumba ile ile, karamu kubwa mno, ikawachoma wivu. Kwa hiyo hakuna aliyetuma hata mtoto mmoja akimbie kwenda kugonga mlango wa 124 na kusema wanakuja.