Gluta: kidonge, dripu na kile ambacho ini lako tayari linakifanya

Mwezi mmoja kabla ya harusi yake, rafiki yangu alinitumia tangazo WhatsApp. Dripu sita za gluta, "unang'aa mwili mzima bila mkorogo", na mwekaji anakufuata mpaka nyumbani. Chini akaandika: "Hii si ndo ile antioksidanti? Ina shida gani?"

Swali zuri. Tatizo ni kwamba gluta ya kumeza na gluta ya kuingizwa kwenye mshipa ni habari mbili tofauti kabisa.

Gluta ni nini hasa?

Gluta ni kifupi cha glutathioni. Si kitu kigeni mwilini: kila seli yako inaitengeneza kwa kuunganisha asidi amino tatu, yaani glutameti, sisteini na glisini. Ini ndilo lenye akiba kubwa. Kazi yake ni kuzima chembe haribifu zinazozalishwa mwili unapotumia oksijeni, na kusaidia kuondoa sumu.

Mfano mzuri ni panado. Ukimeza, ini linaivunja, na sehemu ndogo yake hugeuka kuwa sumu. Glutathioni inaikamata sumu hiyo na kuitoa kabla haijaleta madhara. Mtu akimeza panado nyingi kupita kiasi, akiba hiyo inaisha na seli za ini zinaanza kufa. Hospitali humpa dawa iitwayo asetilisisteini, ambayo mwili unaitumia kama malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8.

Ona hapo: hata kwenye dharura ya namna hiyo, daktari hampi mgonjwa gluta yenyewe. Anaupa mwili malighafi ili ujitengenezee.

Ngozi imeingiaje humu?

Rangi ya ngozi inatokana na melanini, na melanini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Glutathioni hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho, na pia huelekeza uzalishaji kwenye aina ya melanini iliyo nyepesi zaidi. Kwa hiyo wauzaji hawajatunga kila kitu. Ila wanapokimbilia kusema "matokeo ya uhakika" ndipo wanapopotoka.

Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 2012. Wanafunzi 60 waligawanywa, baadhi wakapewa miligramu 500 za gluta kwa siku kwa wiki nne, wengine vidonge visivyo na dawa. Kipimo cha melanini kilishuka kwa waliopewa gluta, lakini si kwa kiwango kimoja kwenye kila sehemu ya mwili iliyopimwa. Hao ni watu wachache, kwa muda mfupi, na kilichosoma tofauti ni mashine. Kwenye kioo inaweza kuwa hadithi nyingine. Tena ukiacha kutumia, ngozi inaendelea kutengeneza melanini yake kama kawaida.

Kuhusu kumeza, sehemu kubwa ya gluta huvunjwavunjwa tumboni kabla haijafika kwenye damu. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 haukuona badiliko lolote baada ya wiki nne. Mwingine wa 2015, uliochukua miezi sita, uliona kiwango kwenye damu kikipanda. Kwa hiyo inawezekana ikafika, ila taratibu. Madhara yanayotajwa kwa wanaomeza ni madogo zaidi, kama tumbo kujaa gesi au kuharisha kidogo. Gluta ya kuvuta kwa pumzi ni nyingine: inaweza kubana kifua cha mwenye pumu.

Wajawazito wakae mbali nayo. Mwaka 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilitoa onyo baada ya kubainika kuwa kuna wanawake wanaomeza vidonge vya gluta ili mtoto azaliwe mweupe.

Dripu ndiyo yenye kesi

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Pakistan uliolinganisha gluta ya mshipani na dripu isiyo na dawa, kwa watu 50. Kati ya waliopewa gluta, 8 walipata hitilafu kwenye vipimo vya ini, na mmoja akapata mshtuko wa mzio, ule unaoweza kuua kwa dakika chache. Yaani kitu kinachouzwa kama mlinzi wa ini kiliwavurugia ini.

Ufilipino, ambako biashara hii ilianza kushamiri mapema, mamlaka ya dawa ilionya tangu 2011 kuhusu madhara kwa ini, figo na mishipa ya fahamu, pamoja na upele mkali unaobabua ngozi. Huko sindano hiyo iliidhinishwa kwa kazi moja: kuwasaidia wagonjwa wa saratani wanaotumia sisiplatini. Marekani nako hakuna sindano ya kung'arisha ngozi iliyoidhinishwa.

Kuna jambo ambalo matangazo hayaligusi kabisa. Dripu nyingi huchanganywa na vitamini C kwa kipimo kikubwa. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana kwenye maeneo yenye historia ya malaria, ikiwemo Afrika Mashariki. Kwao, vitamini C nyingi ya mshipani inaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Wengi hawajijui kabisa, na mwekaji wa nyumbani hapimi. Usisahau pia sindano yenyewe: ikiwa si safi, homa ya ini B na C na VVU vinapita hapo hapo.

Kama bado unataka kununua

Kwa Tanzania ulizia TMDA, kwa Kenya ulizia Bodi ya Dawa na Sumu, kama dawa hiyo imesajiliwa na kwa matumizi gani. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, iache. Sabuni na krimu za "gluta" nazo ziangalie vizuri, kwani jina zuri linaweza kuficha zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchi zote mbili. Na kama unatibiwa saratani, usianze kidonge chochote cha antioksidanti kabla daktari wako hajajua.

Umeshachomwa tayari? Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, upele wenye malengelenge, uso kuvimba au pumzi kubana: nenda hospitali siku hiyo hiyo, beba na chupa. Waambie ni dripu ya gluta. Ukisema tu "nilitundikiwa vitamini", utawapotezea muda.

Rafiki yangu alifunga ndoa mwezi uliopita. Hela ya dripu alimwongezea mpiga picha.