Mfalme Kauza Ngome, Conny Kagoma Kutoka

Shuleni nilifundishwa kwamba habari ya Wajerumani na makoloni ya Afrika ilianza mwaka 1884, pale Carl Peters alipopita Usagara akiwatia saini machifu kwenye mikataba wasiyoielewa. Nilijibu hivyo kwenye mtihani, nikapata vema yangu safi. Ilibidi niende Ghana, begi mgongoni na jasho mpaka kwenye soksi, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimechelewa kwa miaka 200.

Tulikuwa wanne, marafiki wa siku nyingi, na mpango wetu haukuwa wa historia hata kidogo. Ulikuwa wa kuogelea. Kutoka Takoradi unapanda trotro, yaani daladala la kwao, mpaka Agona, kisha unashuka kuelekea baharini. Huko ni nchi ya Waahanta: vilima vya kijani vinavyoingia majini, minazi, mitumbwi mirefu iliyopakwa rangi kama khanga. Vijiji vimekaribiana kiasi kwamba unaweza kuvitembelea kwa miguu. Sasa shida ni moja. Kila ukisema "jamani hapa pazuri, tupige picha", ukiinua macho juu ya kilima unaona ngome ya Mzungu inakutazama.

Tulianzia Butre. Ngome ya pale inaitwa Batenstein, ya Waholanzi. Tarehe 27 Agosti 1656 viongozi wa Waahanta wa Butre walifanya mkataba na kampuni ya Kiholanzi ya West India: nyie mtulinde, sisi tuwatambue kuwa wakubwa wetu. Mkataba huo ulidumu mpaka mwaka 1872, Waholanzi walipowaachia Waingereza ngome zao na kufungasha. Karatasi moja, zaidi ya miaka 200!

Ukivuka kilima kwa miguu unatokea Busua, ufuko ambao vijana wanacheza na mawimbi kwa mbao. Hapo ndipo utaelewa karatasi ile ilikuwa na meno gani. Mwaka 1837 mfalme wa Waahanta, Badu Bonsu II, aligombana na Waholanzi, na kaimu gavana wao, Hendrik Tonneboeijer, akauawa. Waholanzi wakaufukua mkataba wa Butre, wakasema mfalme kaasi, wakaleta jeshi. Mwaka 1838 Badu Bonsu alinyongwa, na kichwa chake kikapelekwa Uholanzi. Kilikaa ndani ya chupa ya dawa huko Leiden mpaka mwandishi wa riwaya, Arthur Japin, alipokifuatilia. Mwaka 2009 ndipo kikakabidhiwa kwa wazee wa Kiahanta.

Mtanzania akisikia hivyo lazima amkumbuke Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirudi Kalenga mwaka 1954. Tulikaa pale mchangani, samaki wa kukaanga na kenkey mkononi, tukajikuta hakuna anayezungumza.

Lakini hadithi iliyonifanya niandike haya iko mbele zaidi, baada ya Dixcove na ngome yake ya Waingereza. Ni Princes Town. Unarudi barabara kuu, kisha unaingia njia ya vumbi inayotikisa mpaka meno. Mwishoni kuna kijiji cha wavuvi, na juu ya rasi kuna ngome iliyojengwa, amini usiamini, na Wajerumani. Kwa usahihi, ni watu wa Brandenburg, dola iliyokuja kuwa Prussia. Ofisa wao, Otto Friedrich von der Groeben, alipandisha bendera pale tarehe 1 Januari 1683. Ngome ikaitwa Gross Friedrichsburg. Biashara ilikuwa dhahabu, pembe za ndovu na watu.

Haikuwalipa sana. Mfalme Friedrich Wilhelm I, mtu aliyependa askari kuliko meli, aliamua mwaka 1717 kuiuza kwa Waholanzi. Bei: dukati 7,200 pamoja na Waafrika 12, sita kati yao wavishwe minyororo ya dhahabu. Soma tena hiyo sentensi taratibu.

Basi Waholanzi wakaja kuchukua mali yao. Wakamkuta ndani mtu anaitwa Jan Conny.

Conny alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kiahanta, mshirika wa Waprussia, mwenye jeshi lake mwenyewe. Wazungu wa mwisho walipoondoka walimwachia ngome ailinde. Waholanzi walipodai kwamba wameinunua, jibu lake lilikuwa la kisheria kabisa: mimi nimekabidhiwa na Waprussia, nitawarudishia Waprussia. Wakaleta jeshi mwaka 1718, akalipiga. Kwa miaka ipatayo saba Mwafrika alikaa ndani ya ngome ya Ulaya, akiuza na kununua kwa meli yoyote iliyotia nanga. Mpaka mwaka 1724 Waholanzi walipomtoa, na ngome ikabadilishwa jina kuwa Hollandia.

Rafiki yangu mmoja aliposikia hayo alisimama ukutani akanyoosha mikono juu. "Huyu tumchapishie fulana!" Na kweli, Bahamas na Jamaika wapo watu wanaocheza ngoma za Krismasi ziitwazo Junkanoo, na moja ya maelezo ya jina hilo ni kwamba linatokana na huyu huyu Conny, John Canoe kwa matamshi ya Waingereza.

Ndipo mwenzetu mwingine, yule mpole, akauliza swali lililoharibu jioni: "Na hao waliolipeleka jina lake Jamaika, walifikaje huko?"

Kimya. Kwa sababu jibu tunalijua. Conny hakuwa mkombozi. Biashara ile ile ya watu aliifanya yeye pia, na aliyatajirikia yale yale. Aliwakatalia Waholanzi ngome, hakuwakatalia mateka.

Tulibishana mpaka usiku. Msimamo wangu ni huu: tusimtupe Conny na tusimsafishe. Tumezoea historia ya pwani yenye Mzungu mkorofi na Mwafrika aliyedanganywa, na tukichoka na hiyo tunatafuta shujaa asiye na doa. Zote mbili ni njia za kukwepa kazi. Conny alisoma soko, alisoma mikataba, alijua hasa anafanya nini. Ukimkubali kuwa mtu mwenye akili, itabidi umkubali pia kuwa mtu mwenye hatia.

Wajerumani wenyewe hawakuisahau ngome. Mwaka ule ule 1884 wa Carl Peters, meli yao ya kivita Sophie ilipita pale ikachukua mizinga ya zamani kuipeleka nyumbani. Mwaka 1895, sisi tukiwa tayari chini yao, Berlin ikampa Groeben barabara kando ya mto Spree. Mwaka 2010 jina lile likaondolewa, akawekwa May Ayim, mshairi Mjerumani ambaye baba yake ni Mghana. Kwa hiyo majina yanaweza kubadilishwa.

Ila mimi bado nawafikiria wale 12 wa kwenye bei. Mfalme ana sanamu, Groeben alipata barabara, Conny anachezewa ngoma. Wao waliingia kwenye historia kama chenji.

Asubuhi tulishuka ufukweni. Kulikuwa pazuri ajabu. Tukaogelea.